Kiasi

Katika Kiswahili neno kiasi lina maana zaidi ya moja. Kiasi ni kipimo cha kitu. Kiasi ni tabia ya mtu asiyevuka mpaka wa haja yake. Tena, kwa wazee wa pwani wa karne ya 19, kiasi cha bunduki kilikuwa ni baruti na risasi zilizofungwa pamoja, tayari kutiwa katika silaha. Na makamusi ya zama hizo yameihifadhi maana hiyo, ijapokuwa midomo ya watu imekwisha kuisahau. Mtu aweza kudhani kuwa maana hizi tatu zimekutana katika neno moja kwa bahati, kama wasafiri wanavyokutana katika banda la njiani wakati wa mvua. Lakini ni ndugu wa tumbo moja, na ushahidi wa undugu wao ulionekana mbali sana na pwani, katika chumba cha chini cha nyumba moja ya mji mdogo wa Ohio, Marekani, ambako mwanagenzi mmoja alijifunza kujaza upya maganda ya risasi za bastola.

Mwanagenzi huyo hakuwa kijana. Alikuwa na umri wa miaka 52, karani wa hesabu kwa kazi yake, mtu aliyezoea kusifiwa kwa kutokosea. Bastola yake ilikuwa ya silinda yenye vyumba sita, ya namna iitwayo .38 Special, na aliirithi kwa baba yake. Kila Jumamosi alikwenda pamoja na binti yake katika uwanja wa shabaha wa chama chao, wakatoboa karatasi mpaka adhuhuri. Katika jimbo hilo mchezo huu una mizizi mirefu: mashindano ya taifa ya kulenga shabaha yalihamia Camp Perry, kando ya ziwa Erie, mwaka 1907. Shindano kamili la bastola lina mapigo 270, na katika sehemu yake ya haraka mlenga shabaha hupewa sekunde 10 tu kupiga risasi 5. Mtu hawezi kuyafikia hayo bila ya mazoezi, na mazoezi hula risasi kama mchwa walavyo mbao. Mfuko wa karani ulipoanza kulalamika, mzee mmoja wa chama, fundi wa mitambo aliyestaafu, alimwonyesha ndoo ya maganda matupu yaliyookotwa uwanjani, akamwambia: "Bwana, hiki unachokitupa ndicho ulichokinunua kwa bei kubwa zaidi."

Kauli hiyo ilikuwa ya kweli. Risasi nzima ina vitu vinne. Kwanza ni ganda, ambalo aghalabu ni la shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Pili ni fataki, kikombe kidogo kilichobanwa katika kitako cha ganda, chenye dawa iwakayo kwa kupigwa. Tatu ni baruti. Nne ni risasi yenyewe, na hilo ni neno ambalo Kiswahili kimelipa kazi mbili, maana ni jina la kipande kirukacho na ni jina la madini ambayo kipande hicho hufanywa kwayo. Nyundo ya bastola huipiga fataki, fataki huiwasha baruti, baruti hugeuka hewa ya moto, na hewa hiyo huisukuma risasi. Pigo likiisha, fataki imekufa, baruti imeungua, na risasi imekwenda zake, ganda hubaki. Limetanuka kidogo na kuchafuka kidogo, lakini ni zima, na mtu alitunzaye aweza kulijaza tena mara nyingi.

Kuna kichekesho cha historia katika kitako cha ganda hilo. Mwaka 1866 watu wawili walitoa fataki za namna mbili, kila mmoja kwa njia yake. Edward Boxer alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza. Ganda lake lina tundu moja la moto katikati, na sindano nyembamba huweza kupita humo kutoka juu ikaisukuma nje fataki iliyokufa. Hiram Berdan alikuwa Mmarekani. Ganda lake lina matundu mawili madogo ya pembeni, na kuitoa fataki yake ni taabu. Marekani ikachukua fataki ya Mwingereza, na nchi nyingi za Ulaya zikachukua ya Mmarekani. Hivyo, miongoni mwa sababu zilizoustawisha ufundi wa kujaza maganda katika nyumba za Wamarekani, mojawapo ni tundu lililotobolewa na mgeni.

Mzee fundi alimpa mwanagenzi vitu vitatu: kitabu, mizani, na taa. Kitabu kilikuwa kimoja cha vile vitolewavyo na watengenezaji wa baruti na risasi, chenye majedwali yanayoonyesha, kwa kila risasi na kila baruti, uzito wa kuanzia na uzito usiopaswa kuvukwa. Mizani ilikuwa ya kupimia punje. Punje ndicho kipimo cha ufundi huu, jina lililotoka katika nafaka. Punje 7,000 hufanya ratili moja, na punje moja haifiki sehemu ya kumi na tano ya gramu. Karani aliyapenda mambo hayo mara moja. Alikuwa mtu wa tarakimu, na tarakimu zilikuwa zimempokea kama mwenyeji. Taa hakuielewa. Alidhani ni zawadi ya adabu tu, aliyopewa kwa kuwa chumba chake kilikuwa na giza.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mikono. Shinikizo dogo la chuma lenye wenzo hufungwa mezani, na kalibu tatu au nne huingizwa humo kwa zamu. Kalibu ya kwanza hulibana ganda lililotanuka likarudi umbo lake, na sindano yake huitoa fataki ya zamani. Kalibu ya pili huupanua mdomo wa ganda kidogo ili uipokee risasi bila ya kuikwangua. Fataki mpya hubanwa katika kitako, nayo yapasa kuzama. Ikichomoza japo kwa unene wa karatasi, silinda huweza kukwama isizunguke, na kwa hiyo mwanagenzi hufundishwa kupitisha ncha ya kidole juu ya kila kitako. Kisha hutiwa baruti. Kisha risasi hukandamizwa mahali pake, na ukingo wa ganda hukunjwa kidogo ili uishike. Risasi ya shabaha aghalabu ina uzito wa punje 148 na uso wake ni bapa kama kizibo, si mchongoko. Huikata karatasi kama kitoboleo cha ofisini kikatavyo majalada, ikaacha duara safi, na mwamuzi huweza kuona bila ya ubishi kama duara hilo limegusa mstari au halikugusa. Mwisho mtu hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu, na vumbi la fataki kuukuu nalo huwa na sumu hiyo.

Ili kuyaelewa mashaka ya kazi hii, yapasa kukumbuka umri wa ganda lenyewe. Namna ya .38 Special ilitolewa na kampuni ya Smith & Wesson mwaka 1898, na hapo kwanza ilijazwa baruti nyeusi, ile ya kale, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Punje 21 za baruti hiyo zililijaza ganda, na risasi ikakaa juu yake. Lakini mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alikuwa amekwisha kuvumbua baruti isiyo na moshi, na ganda jipya halikukaa sana kabla ya kuanza kujazwa baruti ya jamii hiyo. Baruti isiyo na moshi ina nguvu nyingi katika uzito mdogo. Kwa risasi ya shabaha, ambayo haitakiwi kwenda kwa kasi kubwa, aghalabu haifiki punje 4. Basi ganda lililokatwa kwa ajili ya punje 21 sasa hutiwa chini ya punje 4, na sehemu kubwa ya tumbo lake hubaki tupu.

Nafasi hiyo tupu ndiyo mtego. Katika siku za baruti nyeusi ganda lilikuwa kibaba cha haki: likijaa, kipimo kimetimia, na mtu aliyesahau akatia mara ya pili alimwaga baruti mezani akaliona kosa lake papo hapo. Baruti mpya haimwagiki. Ganda hupokea kipimo cha pili kimya kimya, kisha risasi huketi juu yake kama kawaida, na kwa nje haionekani tofauti yoyote. Zamani chombo kilimpimia mtu. Leo mtu hana budi kujipimia mwenyewe. Uvumbuzi ulioondoa moshi machoni mwa mpigaji uliondoa pia mlinzi aliyekuwa ndani ya ganda, na zamu ya mlinzi huyo ikaangukia fikira za mwanadamu, ambazo huchoka.

Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba imewalea watoto wengi katika uvumilivu, na ni njema kwa mwenye kuweka akiba na kwa mwenye kutafuta elimu. Mbele ya ganda hili yataka kusomwa kwa hadhari. Hapa kibaba hakitakiwi kujaa. Haba ya kwanza ni mchezo; haba ya pili yaweza kuipasua silinda, na kuchukua vidole vya mpigaji au jicho la mtu aliyesimama kando yake.

Upungufu nao hauna usalama. Ganda lililokosa baruti kabisa bado lina fataki, na fataki peke yake yaweza kuisukuma risasi mpaka ndani ya kasiba ikakwama humo. Mpigaji husikia kishindo kidogo, kama kikohozi cha mtu aliye chumba cha pili. Asipokielewa akavuta kifyatulio tena, risasi ya pili huikuta ya kwanza imeziba njia, na kasiba huvimba au kupasuka. Katika mapigo 5 ya sekunde 10, mtu ana sekunde 2 za kusikia kikohozi hicho na kuamua. Kwa hiyo mzee fundi hakumfundisha mwanagenzi kusikia tu. Alimfundisha kutazama mapema, ili asihitaji kusikia.

Kanuni ya mzee ilikuwa hii. Maganda 50 husimamishwa katika ubao wenye matundu 50. Yote hutiwa baruti. Kisha, kabla risasi moja haijawekwa, taa huinuliwa juu ya ubao, na jicho hupita ndani ya kila ganda, mstari kwa mstari, likilinganisha kina cha baruti. Mezani pawe na chupa moja tu ya baruti. Mtu akiitwa, akipigiwa simu, akipiga chafya hata akapoteza hesabu, ganda lililo mkononi mwake humwagwa na kutiwa upya. Mwanagenzi aliyashika hayo kwa bidii miezi miwili, akaona matunda yake: mapigo yake yalikaribiana karatasini kuliko alipokuwa akitumia risasi za dukani, na binti yake akaacha kununua za kwake akawa anatumia za baba.

Mwezi wa tatu ulipoingia, alikuwa amekwisha kujaza zaidi ya 2,000 bila ya kosa hata moja. Hapo ndipo hatari ilipoanza. Mjinga huogopa, na hofu humfanya atazame. Mjuzi wa kweli amekwisha kuona kilichowapata wengine, naye hutazama. Aliye katikati yao, ambaye hajui mengi lakini hajakosea bado, huyo ndiye aachaye kutazama. Karani hakuiacha taa. Aliendelea kuiinua kila usiku. Lakini jicho lake lilianza kupita juu ya ubao kama msomaji apitaye juu ya ukurasa anaoujua kwa moyo: limeona kurasa, halikuona maneno.

Usiku mmoja wa Ijumaa, katika majira ya baridi, alikuwa akijaza 50 za binti yake kwa ajili ya kesho. Alipokuwa katikati, binti alimwita juu amsaidie kuinua sanduku. Akapanda, akasaidia, wakazungumza kidogo juu ya theluji, akashuka. Akaendelea pale alipodhani ameachia. Ubao ulipotimia aliiinua taa, akaishusha, akachukua risasi ya kwanza na kuiweka juu ya mdomo wa ganda la kwanza. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuushika wenzo alipojiuliza swali dogo: katika mstari wa nne ameona nini? Hakuwa na jibu. Alikuwa ameutazama mstari huo sasa hivi, wala hakuwa na habari zake. Akaiinua taa tena. Katika maganda mengine baruti ilikuwa mbali chini, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Katika ganda la tatu la mstari wa nne maji yalikuwa yamepanda.

Aliimimina baruti hiyo katika mizani. Ilikuwa mara mbili ya kipimo.

Mtu mwingine angalishukuru Mungu, akalitia ganda hilo kipimo chake, akaendelea na kazi. Karani alirudisha baruti ya maganda yote 50 katika chupa. Kisha akageuka akaitazama rafu, palipokuwa na masanduku sita yenye risasi 300, alizozijaza katika majuma ya jicho lake jepesi. Hakuna aliyejua yaliyomo ndani yake, na yeye aliyezifanya hakujua zaidi ya mgeni. Kwanza alifikiri kuzipima. Lakini hesabu, rafiki yake wa siku zote, ilimkataa: ganda na ganda hutofautiana uzito kwa punje kadhaa, risasi na risasi hutofautiana pia, na tofauti hizo huweza kuificha baruti yote isiyofika punje 4. Mizani haikuweza kumwambia. Palikuwa na njia moja tu, nayo ni kuzifungua.

Kifungulio cha risasi ni nyundo ya kichwa kitupu. Risasi nzima hutiwa ndani yake, na nyundo ikigongwa juu ya gogo, kile kizibo huchomoka na baruti humwagika. Kazi hii ni ya polepole na ina kelele. Karani aligonga usiku tano, risasi 60 kila usiku, akipima baruti ya kila moja na kuiandika katika daftari. Jumamosi haikuwa na mchezo. Binti aliposhuka usiku wa mwisho, alimkuta baba yake mbele ya daftari lenye mistari 300.

"Ulizipata ngapi mbaya, baba?"

"Hata moja."

"Basi zote zilikuwa nzuri tangu mwanzo. Umejisumbua bure."

"Zilikuwa nzuri," akasema. "Lakini mimi sikujua."

Jibu hilo ni fupi, na mwanachuoni aweza kulitafakari kuliko vitabu vingine virefu. Risasi 300 zilikuwa sawa kabla ya kufunguliwa, na zilikuwa sawa zilipofunguliwa. Kilichobadilika ni hali ya aliyezifanya. Kabla ya usiku ule tano alikuwa na bahati njema, akaiita ujuzi. Na bahati hiyo alikuwa yu tayari kuitia mkononi mwa mtoto wake bila ya kumwambia ni bahati. Mtu aweza kusema kweli kwa kubahatisha, kama mwanafunzi atiaye alama katika jibu la sawa huku amefumba macho. Mwalimu hatajua, na mwanafunzi atasifiwa. Lakini hakuna mwenye akili ambaye angalimpa mwanafunzi huyo dawa ampimie mgonjwa.

Katika Afrika Mashariki ya leo silaha na risasi ziko chini ya leseni, na kujaza maganda nyumbani si mchezo wa watu wake. Hata hivyo jambo lenyewe si geni kwao. Mwenye gobori wa zamani alilishindilia kila pigo mwenyewe: alimimina baruti katika mdomo wa mtutu, akaishindilia kwa ufito, akatia popoo au marisau, akaweka fataki mahali pake. Hakuwa na kiwanda cha kukilaumu. Akizidisha, bunduki ilimgeukia. Akipunguza, mnyama alimgeukia. Kati ya hatari hizo mbili palikuwa na kipimo kimoja kilichomfaa, na watu wakakiita kwa jina la kipimo chenyewe. Hawakuona haja ya neno la pili kwa tabia ya mtu ajuaye kukipima.

Karani aliendelea na kazi yake. Siku hizi hujaza 50 kwa usiku mmoja, si 100 kama alivyokuwa akijisifu, na mlango wa chumba chake hufungwa. Juu ya kila sanduku huandika tarehe, uzito wa baruti, na neno moja kwa lugha yake, lenye maana ya kwamba yaliyomo yametazamwa. Sanduku ambalo hawezi kuliandikia neno hilo kwa kweli, halitoki katika chumba.

Mzee fundi alipoletewa habari za ganda la tatu la mstari wa nne hakushangaa, wala hakumlaumu. Aliuliza tu kama ile taa bado inawaka vizuri.